Kasoro Yenye Mwenyewe: Saketi za Gitaa na Swali la Upungufu

Miongoni mwa maswali yaliyowashughulisha wanafalsafa na wanatheolojia kwa karne nyingi ni lile linalohusu hali ya kasoro: je, kasoro ni kitu chenye kuwapo kwake, au ni pengo tu lililoachwa na kitu kilichopaswa kuwapo na hakipo? Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, Afrika ya Kaskazini, na kufariki mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, alijibu kwamba uovu hauna asili yake wenyewe bali ni upungufu wa jema, kama vile upofu usivyo kitu kilichoingia jichoni bali ni kukosekana kwa kuona. Jibu hilo limepokelewa, likapingwa na likafafanuliwa upya mara nyingi, na kwa kawaida mifano inayotumika ni ya maradhi, giza na dhambi. Makala haya yanalipeleka swali hilo mahali ambapo haliulizwi sana, yaani kwenye meza ya mtu anayejifunza kubuni na kuunda saketi za pedali za gitaa, kwa sababu hapo kasoro haiishii katika maneno: hupimwa kwa volti, huchorwa katika karatasi, hulehemiwa, na mwishowe husikika.

Pedali ya gitaa ni kisanduku kidogo, aghalabu cha alumini, kinachokaa sakafuni kati ya gitaa la umeme na amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, na mpigaji hukiwasha na kukizima kwa kukanyaga swichi. Ziko pedali za mwangwi na za kuchuja sauti, lakini zinazohusika na mjadala huu ni zile zinazoiharibu sauti kwa makusudi, kuanzia zile za ukali wa wastani hadi ile iitwayo fazi, ambayo huifanya sauti ya uzi ikwaruze na kunguruma hadi ikaribie ile ya tarumbeta. Uharibifu huo si wa kitamathali. Kwa kipimo cha mhandisi wa simu au wa redio, kazi ya saketi ya kukuzia ni kutoa kile kile kilichoingia kikiwa kikubwa zaidi, na tofauti nyingine yoyote kati ya kilichoingia na kilichotoka huhesabiwa kuwa kosa linalopaswa kupunguzwa kadiri inavyowezekana.

Tena historia ya pedali hizo ilianza na hitilafu halisi. Huko Nashville, Marekani, wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", uliotolewa mwaka 1961, njia moja ya meza ya kuchanganyia sauti iliharibika, na gitaa la besi la Grady Martin lililopita humo likatoka na mkwaruzo ambao hakuna aliyeukusudia. Sehemu hiyo ingeweza kufutwa na kupigwa upya, lakini iliachwa kama ilivyo. Fundi mitambo Glenn Snoddy aliichunguza hitilafu ile, na wanamuziki wengine walipokuja kuiulizia sauti hiyo alibuni, akishirikiana na Revis Hobbs, saketi iliyoweza kuitoa tena kwa kutumia transista, ambazo ni vijenzi vidogo vinavyotumia mkondo hafifu wa umeme kuongoza mkondo mkubwa zaidi. Kampuni ya Gibson iliingiza kifaa hicho sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone FZ-1, kikiwa na transista tatu za jemaniamu na betri mbili za volti 1.5. Kilichukua muda kupata wateja, hadi mwaka 1965 kiliposikika katika wimbo wa Rolling Stones uitwao "(I Can't Get No) Satisfaction", ambamo Keith Richards alikitumia kushika nafasi ya tarumbeta alizodhani zingepigwa baadaye.

Kati ya meza ile mbovu na kisanduku hiki kuna tofauti ambayo haionekani katika umbo la wimbi la sauti. Mawimbi yanayotoka katika vyombo hivyo viwili yanaweza kufanana kwa karibu sana, na bado ya kwanza husemwa kuwa imeharibika na cha pili husemwa kuwa kinafanya kazi. Zaidi ya hayo, pedali ya fazi itakayoanza kutoa sauti safi itapelekwa kwa fundi kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa safi. Aristotle angelieleza jambo hili kwa kurejea kusudi, kwamba kila chombo hupimwa kwa lile lililofanya kiundwe, na kwamba upungufu ni kushindwa kulifikia lengo hilo. Jibu hilo ni la kweli, ila likiachwa peke yake ni jepesi mno, kwa maana litamruhusu yeyote kukigeuza kibaya kuwa chema kwa kukitaka tu. Anayejifunza kuunda saketi hugundua upesi kwamba kutaka hakutoshi, kwa kuwa ziko kasoro ambazo hata zikitakwa kwa moyo wote hazikubali kuwa muziki, na sababu ya kutokubali huko inaweza kukokotolewa.

Hatua ya kwanza ya kujifunza ni kuuelewa mpaka wa umeme. Sumaku za gitaa zilizozungushiwa waya mwembamba hugeuza mtetemo wa uzi kuwa wimbi dogo la umeme, ambalo kwa makadirio ya kazi linaweza kuchukuliwa kuwa na kimo cha volti 0.1. Likikuzwa mara 100 litahitaji kupanda volti 10 na kushuka volti 10, ilhali betri ya kawaida ya pedali ni ya volti 9 na wimbi zima halina budi kuenea ndani ya hizo. Linapogota kwenye dari hiyo, kilele chake hukatwa na kubaki bapa. Mbunifu anaweza pia kuishusha dari kwa kutumia dayodi, kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hata huko mpaka volti zifikie kiwango fulani, takriban 0.6 kwa dayodi ya silikoni na takriban 0.3 kwa dayodi ya jemaniamu. Dayodi mbili zikielekezwa kinyume, moja hulikata wimbi juu na nyingine hulikata chini.

Hadi hapo yote yaliyosemwa ni ya kuondoa: kulikuwa na kilele, na sasa hakipo. Hata hivyo sikio halisikii pengo lolote. Wimbi laini la hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, ambayo ndiyo noti ya uzi wa tano wa gitaa unapopigwa wazi, likikatwa sawasawa juu na chini hutoka likiwa na sauti mpya za hezi 330, 550, 770 na kuendelea, ambazo hazikuwamo kabla ya kukatwa. Likikatwa upande mmoja zaidi ya mwingine huongezeka pia zile za hezi 220 na 440. Sauti hizo ambatani huitwa harmoniki. Msingi wa kuzihesabu uliwekwa na Joseph Fourier katika kitabu chake cha mwaka 1822 kuhusu joto, alipoonyesha kwamba wimbi lenye kujirudia, liwe na umbo lolote, linaweza kuchambuliwa kuwa jumla ya mawimbi laini. Inastahili kukumbukwa kwamba Georg Ohm, ambaye sheria yake ya mwaka 1827 kuhusu volti, mkondo na ukinzani ndiyo somo la mwanzo la kila mwanafunzi wa umeme, ndiye aliyependekeza mwaka 1843 kwamba sikio la binadamu hufanya uchambuzi huo huo linaposikiliza. Mtu mmoja aliacha nyuma yake kanuni ya kuchagulia vijenzi na kanuni ya kuelezea kinachosikika baada ya vijenzi hivyo kufanya kazi.

Kukata, basi, kumeongeza. Msomaji mwenye haraka angeweza kuhitimisha kwamba nadharia ya Augustino imeanguka, kwa kuwa kilichodhaniwa kuwa upungufu kimezaa vitu vyenye kuwapo. Hitimisho hilo halimtendei haki. Augustino hakufundisha kwamba kinachotokana na uharibifu si kitu; alifundisha kwamba kila kilichopo, kwa kadiri kilivyopo, ni chema, na kwamba kasoro ni kupotea kwa kipimo, umbo na utaratibu unaokistahili kitu hicho. Kwa mtazamo huo harmoniki za hezi 330 na 550 ni njema kama sauti nyingine yoyote, na swali la haki ni iwapo utaratibu umepotea au umebaki. Hapa ndipo mafunzo ya saketi yanapokuwa na thamani kubwa zaidi kwa mwanafalsafa, kwa sababu yanaonyesha kwamba saketi moja, bila kubadilishwa kijenzi hata kimoja, inaweza kuulinda utaratibu na inaweza kuuvunja.

Noti mbili zinapopita pamoja katika saketi inayokata upande mmoja zaidi ya mwingine, kama fazi nyingi zifanyavyo, hutokea sauti nyingine ambazo masafa yake ni jumla na tofauti ya masafa ya noti hizo. Mpigaji akipiga noti ya hezi 110 pamoja na ile ya hezi 165, tofauti yake ni 55 na jumla yake ni 275. Na kwa kuwa 55, 110, 165 na 275 zote ni vigawe vya 55, kilichoongezwa kinapatana na kilichokuwapo, na noti mbili zinasikika kama jengo moja kubwa. Akipiga noti ya hezi 110 pamoja na ile ya takriban hezi 138.6, tofauti huwa 28.6 na jumla 248.6, masafa yasiyopatana na noti zilizopigwa, na sikio hupokea tope. Ndiyo maana wapigaji wa roki, pindi walipoanza kutumia ukali mwingi, waliegemea noti mbili zenye uwiano wa mbili kwa tatu, wakaacha miungano yenye noti nyingi kwa sauti safi. Jema na baya la uharibifu ule halikuwa katika dayodi wala katika hamu ya mpigaji, bali katika uwiano kati ya kinachoharibiwa na namna kinavyoharibiwa, na uwiano huo upo hata pale ambapo hakuna anayeujua.

Ni vyema pia kutambua kwamba usafi wa noti haujawahi kuwa kipimo cha watu wote. Wagogo wa Dodoma huunda ilimba, ala ya vibamba vya chuma ambayo marehemu Hukwe Zawose aliitangaza duniani, na tundu la sanduku lake hufunikwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoke ikiwa na mvumo. Washona wa Zimbabwe hufunga makombe au vizibo vya chupa kwenye mbira, ala ya aina hiyo hiyo, kwa sababu inayokaribiana na hiyo. Kundi la Konono N°1 la Kinshasa, lililoasisiwa na Mingiedi Mawangu, lilikuza likembe, nayo ni ala ya aina hiyo, kwa vinasa sauti vya kujiundia, na mkwaruzo uliozaliwa humo ukawa sehemu ya muziki wenyewe, kama inavyosikika katika albamu yao ya mwaka 2004 iitwayo Congotronics. Mifano hii inatia shaka hoja nyingine maarufu, ile ya Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Ihya Ulum al-Din alieleza kwamba pungufu lina nafasi katika hekima ya Mungu kwa kuwa bila usiku thamani ya mchana isingejulikana, na bila maradhi wenye afya wasingeionja afya yao. Hoja hiyo ina uzito katika mahali pake, lakini haifai kwa mvumo wa ilimba wala kwa fazi, kwa maana hakuna anayetia utando wa buibui ili apate kukumbuka uzuri wa noti isiyo na utando. Mvumo hutakwa kwa ajili yake wenyewe.

Ipo saketi moja ambayo mwanafunzi akiielewa vizuri hupata ufafanuzi mzuri wa fundisho la Augustino kuliko unaopatikana katika vitabu vingi vya maelezo. Ni ile ya pedali iitwayo Tube Screamer, iliyobuniwa Japani na Susumu Tamura mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuuzwa kwa jina la Ibanez. Ndani yake mna chipu ya kukuza mawimbi, na dayodi za kukatia hazikuwekwa mwishoni mwa njia ya sauti, bali katika njia ya marejeo, yaani njia inayorudisha sehemu ya kilichotoka hadi kwenye mlango wa kuingilia wa chipu ili kuamua ukuzaji uwe mkubwa kiasi gani. Kwa mpangilio huo kinachotoka ni jumla ya vitu viwili: wimbi la asili jinsi lilivyoingia, na juu yake wimbi lililokuzwa na kukatwa na dayodi. Mpigaji hata akizungusha kidhibiti cha ukali hadi mwisho, wimbi la asili halifutiki. Augustino alisema, katika kitabu chake kifupi kuhusu imani, tumaini na upendo, kwamba kasoro haiwezi kukaa popote isipokuwa ndani ya jema inaloliharibu, na jema hilo likimalizika kabisa kasoro nayo haina pa kukaa. Katika saketi hii fundisho hilo linaweza kuonekana kwa kipima mawimbi: kilele kilichotarajiwa kuwa bapa kina mgongo wa mviringo, na mgongo huo ni wimbi la asili likiendelea kupita.

Suala la kujua halitenganishwi na hilo. Giambattista Vico, mwanafalsafa wa Napoli, alidai mwaka 1710 kwamba kweli na kilichoundwa ni kitu kimoja, kwa maana kwamba anayekijua kitu kwa ukamilifu ni yule aliyekiunda. Mungu anaujua ulimwengu kwa kuwa ni wake, na binadamu anaijua hisabati kwa kuwa ameiunda mwenyewe. Mwanafunzi wa pedali huanza kwa kunakili: anafuata mchoro, analehemu kila kijenzi mahali pake, anakanyaga swichi na sauti inatoka. Ameunda, lakini bado hajui, na hapo dai la Vico linahitaji kusahihishwa. Kujua huanza pale anapouliza kwa nini, katika Tube Screamer, kipingamizi (kijenzi cha kuukinza mkondo) cha omu 4,700 kimeunganishwa na kapasita ya maikrofaradi 0.047. Kapasita ni kijenzi kinachoyazuia masafa ya chini zaidi kuliko kinavyoyazuia ya juu, na akigawa 1 kwa zao la 2, pai, ukinzani na kapasita hiyo, anapata takriban hezi 720, ikiwa na maana kwamba chini ya hapo ukuzaji unapungua hatua kwa hatua na besi inapita karibu bila kukatwa. Akiweka kapasita ya maikrofaradi 0.1 mpaka unashuka hadi karibu hezi 340, besi nyingi zaidi inaingia kwenye dayodi, na tope lililoelezwa hapo juu linaanza kusikika. Anayefanya badiliko hilo akijua kitakachotokea kabla hajawasha pasi ya kulehemia ndiye aliyeunda kwa maana ya Vico. Kasoro ameiwekea mahali pake, akaizuia mahali pengine.

Hata huyo hajui yote. Katika pedali ya Fuzz Face, iliyotolewa London na kampuni ya Arbiter mwaka 1966, vijenzi havifiki 15, na hesabu yake inaingia katika ukurasa mmoja wa daftari, lakini mwanzoni transista zake mbili zilikuwa za jemaniamu, na jemaniamu haimtii mbunifu kikamilifu. Transista mbili zenye namba ile ile ya kiwandani zinaweza kutofautiana kiasi cha moja kukuza mara 60 na nyingine mara 120, na zote huvujisha mkondo unaoongezeka kadiri joto linavyopanda. Mwanafunzi hutafuta kipingamizi kitakachoiweka kolekta ya transista ya pili, yaani mguu unaotoa sauti, karibu na volti 4.5, nusu ya betri. Anaisoma mita, inaonyesha sawa. Anaishika transista kwa vidole viwili ili aiweke vizuri na namba zinaanza kutembea kwa joto la mkono wake tu. Akitoka kulehemu hana budi kungoja ipoe ndipo apime. Saketi ni kazi ya binadamu na jemaniamu si kazi yake, na kwa sababu hiyo chombo hiki kinasimama katikati ya vile viwili ambavyo Vico alivitenganisha, hisabati inayojulikana kabisa na maumbile yasiyojulikana kabisa na yeyote ila aliyeyaumba.

Ni lazima pia uwekwe mpaka wa kulinganisha. Thomas wa Akwino alitofautisha kati ya kutaka ubaya utokee na kuuruhusu utokee, akasema Mungu hautaki bali huuruhusu. Mbunifu wa pedali hana nafasi ya kujificha katika tofauti hiyo: yeye huitaka kasoro, huichagulia volti, na huitengenezea swichi. Hilo ni halali kwake kwa sababu wimbi la umeme haliumii linapokatwa. Maumivu ya mtoto mgonjwa au ya mtu aliyedhulumiwa hayawezi kuwekwa katika hesabu hii, wala haifai kumwambia anayeteseka kwamba mateso yake ni harmoniki katika muziki ambao yeye hausikii. Mwandishi wa theolojia anayetumia muziki kuhalalisha machungu ya wengine amesahau kwamba katika muziki hakuna anayelipa. Saketi inafundisha namna upungufu unavyohusiana na utaratibu na kusudi. Haifundishi kwamba kila upungufu una kusudi.

Inachofundisha zaidi ni kwamba kasoro iliyokusudiwa ina mwenyewe, na kwamba uamuzi wake unaweza kuonyeshwa kwa kidole. Katika Tube Screamer kidhibiti cha ukali kina ukinzani wa omu 500,000, lakini kimeunganishwa mfululizo na kipingamizi kisichobadilika cha omu 51,000, kiasi kwamba hata kidhibiti kikirudishwa hadi sifuri masafa ya juu bado hukuzwa karibu mara 12, na wimbi la volti 0.1 lingali likifika kwenye dayodi. Pedali hiyo, ikiwa imewashwa, haimpi mpigaji njia ya kupata sauti isiyoguswa kabisa; ili aipate ni lazima akanyage swichi na kuiondoa saketi ya kukatia katika njia ya sauti. Umeme haukulazimisha hivyo, kwa kuwa kipingamizi kidogo zaidi kingeliacha wimbi lile lipite bila kukatwa, na hesabu yake ni nyepesi kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mtu aliyeichora saketi alipima, akasikiliza, akachagua omu 51,000, na kila anayeinakili leo bila kuuliza anaubeba uamuzi wa mtu huyo, ilhali anayeubadilisha anaanza kuwajibika kwa wa kwake.